Utepe Juu ya Jina

Fitzroy Pinnock alikuwa ameshapiga picha na nusu ya ukumbi, na mkate wa tangawizi ameshakula vipande vitatu, ndipo alipomwona Beverley Prescod safu ya tatu, karibu na dirisha. Alikuwa amenenepa kidogo na nywele zimeingia mvi, lakini ni yeye. Kipande cha nne akakirudisha sahanini.

Siku hiyo ilikuwa ya kwake. Maktaba ya mtaa, mashariki mwa London, ilikuwa imeandaa maonyesho ya redio zisizo na leseni za miaka ya tisini, na katikati yake yupo yeye, mwanzilishi wa Lantana FM, aliyerusha matangazo kutoka jikoni kwa dada yake, ghorofa ya kumi na saba, antena imefungwa juu ya paa kwa waya wa kuanikia nguo. Serikali ilimng'olea mitambo mara tisa. Mara tisa akapandisha mingine. Hilo hakuna wa kumnyang'anya. Vijana ambao redio za wakubwa hazikutaka hata kusikia kazi zao walipata pa kusikika, na muziki wa dansi wa chinichini wa Uingereza, ule wa ngoma zilizokatwakatwa na besi ya kutetemesha vikombe kabatini, ulilelewa humo jikoni.

Ila kuna wimbo mmoja. Kila mtu anasema ndio uliofungua njia, na kila mtu anajua ni wa nani. Na wimbo huo, jamani, Fitzroy hakuutunga.

Aliutunga Beverley mwaka 1993, akiwa na miaka kumi na tisa, kwa kompyuta ya kuazima, baada ya zamu yake ya kuoka mikate. Akaukatia santuri laini, aina ile ambayo ukiipiga mara hamsini inakwisha sauti, akampelekea Fitzroy. Fitzroy akabandika utepe mweusi juu ya jina la Beverley. Wala haikuwa hila wakati huo. Madijei wote walificha majina ya santuri zao. Ukitaja tu, wiki ijayo kila stesheni inayo, na wewe huna jipya.

"Nakulindia mali yako, dada," alimwambia. "Ikishatoka rasmi nitakutaja mpaka uchoke."

Akaunakili kwenye kanda santuri isije ikaisha, akaupiga kila Jumapili mchana. Wasikilizaji wakapiga simu, wakaupa jina wenyewe: Wimbo wa Fitz. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya kumi alinyamaza. Mwaka wa nne ikaja kampuni ya santuri na karatasi zake, na penye nafasi ya mtunzi akaandika Pinnock. Beverley alikuja mara moja kubisha hodi. Fitzroy alipunguza sauti ya redio, akajibanza nyuma ya friji mpaka hatua zake zikaishia kwenye ngazi.

"Anko Fitz, karibu huku mbele!" aliita Temi, binti mtayarishaji wa muziki aliyekuwa akiongoza shughuli. Akawageukia watu. "Mimi nimeanza kutengeneza muziki kwa sababu ya wimbo mmoja tu. Mnaujua."

"Tunaujua!"

"Haya, anko. Siku unautunga, ulikuwa unawaza nini? Usitufiche."

"Mwambie, babu!" akadakia Lascelles, dijei mwenzake wa zamani. "Maana tulikuwa chumba kimoja miaka mitatu, na sijawahi kukuona ukigusa hata kinanda!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Fitzroy hakucheka. Aibu ilikuwa imemshika, aibu ya kweli, ile ya kuchoma masikio. Angeweza kusema lolote. Miaka thelathini amekuwa akisema lolote. Beverley aliweka mikono juu ya mkoba wake, akamtazama bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililommaliza.

"Wimbo ule si wangu," alisema.

Yakalipuka makofi.

"Mnasikia unyenyekevu huo?" Temi alisema, mkono kifuani. "Anasema ni wetu sote!"

"Hapana, mwanangu, sikiliza..."

"Ni wetu sote!" wakaitikia, wengine wamesimama.

Kumbe hata kukiri kwenyewe kunamwongezea sifa. Fitzroy akavua kofia, akainuka.

"Acheni makofi! Nimeiba, mnanielewa? Ule wimbo ni wa Beverley Prescod, yule pale dirishani. Alinipa santuri yake, nikaziba jina lake, halafu nikaandika langu. Akaja kubisha hodi, nikajificha nyuma ya friji, mtu mzima mimi!"

Makofi yakakatika. Vichwa vyote vikageukia safu ya tatu. Temi akashuka polepole, akampelekea Beverley kipaza sauti.

"Nisamehe, Bev," Fitzroy alisema. "Najua haitoshi."

Beverley alisimama.

"Nyimbo ninazo, Fitz. Nimetunga nyingine nyingi, zipo nyumbani. Lakini mama yangu alikuwa anafungua redio yako kila Jumapili tukipika wali na mbaazi. Wimbo ukianza namwambia, 'Mama, huyo ni mimi.' Anaacha mwiko, anangoja utaje jina. Hutaji. Ananiambia, 'Bevi, mwanangu, uongo wa nini?'"

"Nipeleke kwake," Fitzroy alisema. "Leo hii. Nitampigia magoti, nitamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu."

"Tumemzika Februari," Beverley alisema. "Mpaka wiki ya mwisho alikuwa ananiombea kwa Mungu niache uongo."

Akamrudishia Temi kipaza sauti, akaketi.