Mashine Isiyoiona Diski Yake

Skrini iliandika tena maneno yale yale ya Kiingereza: diski haipo. Dastan akazima, akawasha, akasubiri. Haipo.

"Haipo vipi, na mimi naishika hapa kwa mkono?" alifoka, akaigonga kwa kucha.

Tulikuwa Mbinga mjini, katika fremu ya duka ya mzee Pankras: mimi, Dastan na mama yake, Ottilia. Mashine tuliipandisha kutoka Mbamba Bay, kwetu ziwani, juu ya lori la dagaa, nimeipakata milima yote kama mtoto mwenye homa. Mimi si fundi. Nimesugua meli, nimechimba mawe ya vito Tunduru, na shule nimeiokota darasa moja huku, moja kule. Lakini mtu anayeishiwa namtambua.

Ottilia aliuza mtumbwi wa marehemu mumewe, na injini na nyavu zake, akanunua kompyuta hii kuukuu na printa yake ili mwanawe afungue ofisi ya kuchapa barua. Ushirika wa kahawa ulikuwa umelala, serikali imesema kila mtu ajitafutie, na kila mtu anafungua kitu. Pankras alitupa muda hadi jioni: mashine ichape mbele ya macho yake, la sivyo fremu inakwenda kwa Valence, muuza mitumba, ambaye marobota yake yalikwisha kupangwa barazani. Fremu ikienda, kule ziwani hatuna cha kurudia.

Programu wanayotumia watu wengi ilitaka leseni ya kununua. Dastan alikuwa na Linux, programu ya bure aliyopewa Dar es Salaam kwenye CD, na pale Mbinga hatukumjua mwingine aliyewahi kuigusa. Wa kumuuliza hakuna. Akageuza waya mpana wa kijivu unaoingia kwenye diski. Akahamisha plagi ya umeme. Akaingia kwenye mipangilio, akaiambia mashine itafute yenyewe. Haipo.

"Fundi!" Valence aliita kutoka barazani. "Hiyo televisheni yako mpira inaonyesha saa ngapi?"

Dastan alimpa mgongo. Aliichomoa diski, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Plastiki ya mahali waya unapoingia ilikuwa imejikunja. Akainusa.

"Mama, mbona inanuka moshi?"

Ottilia alitazama sakafu. "Ililowa."

"Ililowa na nini?"

"Maji ya baraka. Si chombo kipya, Dastan? Injini ya baba yako ilibarikiwa kifuniko kikiwa wazi, maji yafike ndani. Nami nikafungua, nikaitoa hiyo, maana ulisema kazi zote zitakaa humo. Padre alinyunyiza kidogo tu. Mimi nikaongeza ya kwenye chupa."

"Halafu?"

"Nikaikausha. Kama plagi ya injini. Niliilaza kwenye mafiga, moto umeshapungua, mpaka asubuhi."

Sisi wa ziwani sote tumekausha plagi hivyo, na injini ikawaka. Dastan aliketi sakafuni na diski yake mapajani. Afadhali angefoka.

"Mtumbwi wa baba yako nimeuchoma jikoni," Ottilia alisema taratibu.

"Basi, mama. Nyamaza."

Jua lilikuwa limeshuka Dastan alipokumbuka CD nyingine, ya kujaribia tu: Linux inayotembea juu ya CD yenyewe, bila diski. Akaisukuma ndani. Mashine ikakoroma weee, mpaka nikadhani nayo imekufa. Picha ikatokea. Pankras naye akatokea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Inachapa?"

"Sema neno lolote, baba."

"Andika: ni marufuku kukojoa kwenye ukuta huu."

Printa ikalia kama paka aliyekanyagwa. Pankras akaisoma karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaisoma tena. "Herufi nzuri. Valence, ondoa marobota yako. Na wewe kijana, kesho nakuletea katiba ya jumuiya yetu. Ni ndefu. Utaniwekea humo humo, niwe nakuja kurekebisha kidogo kidogo."

"Sawa, baba," Dastan alisema, macho hakuyainua.

Pankras alipoondoka, Ottilia akacheka kwa machozi. "Imeiona!"

"Haijaiona, mama. Haina pa kuweka kitu. Ikizimika inasahau yote."

Na umeme wa Mbinga wakati ule ulikuwa wa mgawo. Ottilia akavuta kigoda, akaketi chini ya swichi ya ukutani, mgongo ameubana pale, kana kwamba umeme ukitaka kuondoka utabidi umuombe yeye njia.