Mdakaji wa Upande wa Pili

Kiwandani walimwita Hamira, na si kwa sababu alikuwa mwoka mikate tu. Alikuwa mwepesi wa kuumuka. Tangu aachane na mumewe, fundi umeme, na yule bwana kwenda kuoa muuguzi, hata neno halikuhitajika. Ilitosha mtu kukohoa vibaya. Muuguzi mwenyewe hakuwa na jina mdomoni mwa Hamira. Alikuwa "yule", basi. Binti wa Hamira na fundi huyo alikaa kwa mama siku za shule na kwa baba mwisho wa wiki, na kila Ijumaa Hamira alimfikisha hadi langoni, akasubiri kusikia kitasa kikizunguka, akageuka kabla hajaona aliyefungua ni nani.

Ikatokea kwamba yule naye anacheza besiboli. Timu ya wanawake wa kiwanda cha mikate, ambayo Hamira alikuwa nahodha wake, iliingia fainali, na waliokuja kucheza nao walikuwa wanawake wa hospitali. Nyuma ya mpigaji, amechuchumaa na kinyago cha chuma usoni, akidaka kila mpira uliorushwa, alikuwa mke wa fundi umeme.

Hamira alicheza kwa hasira, na hasira haina macho. Mara mbili alipunga gongo na kupiga hewa. Muuguzi hakumcheka wala kumsemesha. Alidaka tu, akamrudishia mrushaji mpira, akachuchumaa tena.

Zamu ya mwisho wenye mikate walikuwa nyuma kwa mkimbio mmoja, yaani pointi moja, na mchezaji mmoja zaidi akitolewa mambo yameisha. Hamira alikuwa amefika kituo cha tatu. Mwenzake, mkanda unga wa kiwandani, akaupiga mpira ukajiviringisha kulia, na Hamira akachomoka kwenda nyumbani, kituo cha mwisho alipochuchumaa mdakaji, kichwa chini kama ng'ombe anayepiga pembe. Mpira ulirudishwa mapema kwa mdakaji, aliyetakiwa kumgusa nao kabla hajafika. Wakagongana yeye na mdakaji, vumbi likatimka, na lilipotulia mwamuzi alikuwa ameinua ngumi: Hamira katoka. Wauguzi wakaanza kukumbatiana.

Muuguzi akavua kinyago. "Mwamuzi," alisema, "mpira ulinidondoka kabla sijamgusa. Niliuokota baadaye. Huyu kafika."

Mwamuzi akamtazama kama mtu aliyerudishiwa chenji asiyoidai, akabadilisha uamuzi. Wakawa sare. Wenzake wa hospitali walimkodolea macho, na mrushaji wao akatema mate pembeni. Mchezo ukaendelea, na katika zamu ya nyongeza ni muuguzi huyohuyo aliyeupiga mpira hadi kwenye uzio na kuwaingiza wenzake wawili nyumbani. Wenye mikate wakajibu kwa mmoja tu. Wakashindwa.

Sasa ligi ile ilikuwa na utaratibu wake. Zamani kila timu ilichagua mchezaji bora kivyake, na kwa kuwa mwamba ngoma huivutia kwake, kila fainali iliishia kwa matusi. Wakakubaliana nahodha wa walioshindwa amchague mchezaji bora miongoni mwa washindi na kumkabidhi kikombe. Adui hapendelei, walisema.

Wachezaji wa mikate walimzunguka Hamira kwenye benchi. Mkanda unga, rafiki yake wa miaka mingi, alimnong'oneza amtaje mrushaji. Alikuwa amerusha vizuri tangu mwanzo, nani angemlaumu? Wala huo usingekuwa uongo. Wengine wakaitikia. Mmoja aliongeza kwamba kumpa kikombe mwanamke yule ni kumkaribisha mwizi akae sebuleni.

Hamira alikuwa anafungua kamba za viatu. Kilichomkaa rohoni hakikuwa ule mpira uliofika kwenye uzio. Alikuwa anajiuliza: ingekuwa yeye ndiye aliyedondosha mpira, ndani ya vumbi lile, bila shahidi, angesema? Alijua jibu. Angenyamaza, akashangilia, na akalala usingizi mzuri. Jambo hilo lilimuuma kuliko kushindwa.

Mwamuzi alimkabidhi kikombe, akamwambia ataje.

"Mdakaji," alisema Hamira.

"Mtaje vizuri, wasikie walio nyuma."

Alilijua jina. Binti yake alilitaja kila Jumatatu asubuhi. Lakini alipofungua mdomo likatoka jingine.

"Mama mdogo wa binti yangu," alisema.

Kuna aliyecheka huko nyuma, kisha akakatiza kicheko. Muuguzi alikuja na kinga ya kifua ikiwa bado imefungwa, akapokea kikombe kwa mikono miwili.

"Asante, dada."

"Usinishukuru. Umecheza."

Fundi umeme, aliyekuwa kati ya watazamaji, alisimama akapiga makofi peke yake, kwa muda mrefu mno, hata Hamira akatamani kumnyang'anya muuguzi kile kikombe amtupie bwana huyo.

Mkanda unga alinuna wiki nzima. Walikanda na kuoka bega kwa bega wakizungumza habari za joto la tanuri tu, mpaka siku mkate ulipoungua wakajikuta wanalaumiana, na kwa kulaumiana wakapatana.

Ijumaa iliyofuata Hamira alimpeleka binti. Mvua ilikuwa inanyesha, na mtoto alikuwa na mkoba mzito, kwa hiyo ilibidi amfikishe hadi kizingitini. Muuguzi akafungua. Binti akapita katikati yao na kwenda zake ndani kutafuta chakula, nao wakabaki wanatazamana, kila mmoja akisubiri mwenzake aseme neno la kuagana.

"Naweza kukwambia kitu?" muuguzi aliuliza. "Unakimbia umeinamisha kichwa. Ungeinua macho ungeniona nimesimama upande wa kushoto, ungepita kulia bila hata kuguswa."

Hamira akaumuka. Maneno yalimfika kooni, makali. Kisha akakumbuka ile mbio, akaona kwamba ni kweli, na hilo likamkera zaidi.

"Nimekusikia," alisema.

Hakumpenda, na hakujilazimisha. Aliaga, akafungua mwavuli, akashuka ngazi akiwa anatazama mbele.