Saa ya Mwalimu Mkuu

Jumatatu asubuhi Mwalimu Mkuu aliingia darasa la tatu na saa ya ukutani, kifua mbele, utadhani ameiunda yeye. Na kweli alikuwa ameiunda upya, maskini wee! Alikuwa amefungua kioo na kubandika namba zake juu ya zile za kiwandani. Penye saba pakawa moja. Penye kumi na mbili pakawa sita.

"Mshale uko kwenye saba, halafu tunamwambia mtoto ni saa moja," alisema. "Si kumchanganya huko? Sasa atasoma anachokiona."

Mwalimu wa darasa, msichana aliyekuwa kwenye mwaka wake wa majaribio, alitaka kuuliza: mtoto huyo akikutana na saa nyingine yoyote duniani, je? Lakini mkaguzi alikuwa anakuja Ijumaa, na bila neno zuri la Mwalimu Mkuu asingethibitishwa kazini. Angefunga virago arudi kwa mama yake. Basi akaitundika. Lione, na cheti chake cha ualimu!

Jumanne wakafika kwenye dakika, na hapo upuuzi ukaota mapembe. Mshale mrefu ukisimama juu kabisa ulionyesha sita. Ukishuka chini kabisa, kumi na mbili. Watoto wakaimba: "Sita ni kamili, kumi na mbili ni nusu!" Mwalimu Mkuu aliwasikia kutoka ofisini, akaja mbio kupiga makofi. Mtu mzima na kitambi chake.

Jumatano mwanafunzi mmoja, ambaye wenzake walimwita Shangazi kwa jinsi alivyopenda kusahihisha watu, alisema saa ya kwao haiko hivyo. Mama yake ni muuguzi, na Shangazi ndiye humwamsha kwenda zamu.

"Ya kwenu mbovu," mwalimu alimjibu, na aibu ikamshika hapo hapo. Alhamisi wakaimba tena, Shangazi akiimba shingo upande.

Ijumaa mkaguzi akaja, suti kubwa na maneno makubwa zaidi. Akavua saa yake ya mkononi, akamwonyesha Shangazi.

"Saa ngapi hapa?"

Shangazi akaitazama: mshale mfupi kwenye kumi, mrefu kwenye kumi na mbili. "Unataka ya kweli au ya Mwalimu Mkuu?"

Mwalimu Mkuu akatafuta leso.

"Nipe zote," mkaguzi akasema.

"Ya kweli ni saa nne kamili. Ya Mwalimu Mkuu ni saa kumi na nusu."

Heko, mwanangu! Mwalimu nusura aseme kwa sauti. Leo huyu mzee anaumbuka! Mkaguzi akatazama ukutani, akatazama saa yake, akatabasamu.

"Saa mbili kichwa kimoja! Huu ndio ubunifu tunaoupigia kelele kila siku. Nani kafundisha?"

"Huyu hapa," Mwalimu Mkuu akadakia, jasho bado linamtoka. "Nampendekeza athibitishwe."

"Athibitishwe leo leo."

Wakashikana mikono, mabwege wawili wakipongezana. Mwalimu akasema asante.

Shangazi alikuwa bado amesimama. "Sasa Mwalimu, ya kweli ni ipi?"

Wale wanaume wakageuka, wakamtazama mwalimu wakisubiri.

"Ya Mwalimu Mkuu," alisema. "Kaa chini."

Shangazi akakaa. Muhula mzima hakunyoosha tena mkono.