Matufaha ya Wenyewe

Mama mkwe wangu, Hester, aliketi jikoni na mkono wake uliofungwa plasta, akinitazama kama askari anavyomtazama mwizi. Miaka yote yeye ndiye aliyepika bakuli la kinywaji cha kuamshia miti ya matufaha izae vizuri hapa kijijini kwetu Somerset. Januari hii aliteleza kwenye barafu, na jukumu la bakuli likaniangukia mimi. Nikishindwa litakwenda kwa mke wa shemeji yangu Wilf, nami nitabaki "yule wa Bristol", mgeni wa mjini, mpaka nizikwe.

Pombe ya matufaha ilikuwa motoni, imekolea tangawizi, karafuu na kungumanga. Harufu yake tu ilinilewesha. Yalibaki matufaha ya kuoka, ambayo hupasuka yakafanya povu jeupe juu ya kinywaji. Povu hilo tunaliita sufu ya kondoo, na bila sufu umepika uji wa pombe tu.

Nikafungua oveni. Matufaha yangu yalikuwa mekundu, mazima, yananing'alia.

"Ya wapi hayo?" Hester aliuliza.

"Ya dukani, mama."

"Matamu?" Akacheka hadi plasta ikagonga meza. "Hayo hata uyapige nyundo hayatoi povu. Machachu yako wapi?"

Machachu niliyamaliza kwa pai za Krismasi, naye alijua vizuri, maana alizila akaongezwa.

Wilf alichungulia dirishani, ameshika sufuria ya kupigia kelele za kuiamsha miti. "Shemeji! Watu wanafika. Au nimwite mke wangu akuokoe?"

"Mwite akufunge mdomo!"

Nilikuwa na hasira, machozi yananilengalenga. Hapo nikaukumbuka mti mkubwa wa matufaha shambani. Huku hatuchumi mti ukabaki mtupu. Matufaha machache ya mwisho huachwa juu kwa ajili ya wenyewe, wale watu wadogo wasioonekana. Hayaguswi na mtu, hata mtoto mtundu. Nikatoka na ngazi kwa mlango wa nyuma. Hester alidhani nimetoroka.

Yalikuwa machachu, na baridi ilikuwa imeyalainisha. Nikayaingiza kwenye oveni, na haukupita muda yakaanza kupasuka. Nilipoyatumbukiza bakulini, povu lilipanda mpaka ukingoni, zito, jeupe. Nikapiga ukelele kama mwehu.

"Umeyatoa wapi?" Hester aliuliza polepole.

Nikamwambia.

"Umewaibia wenyewe?"

"Nimeazima, mama. Kwani mti haumwagiwi kikombe cha kwanza?"

Alisimama, akavaa koti kwa mkono mmoja.

Shambani watu walikuwa wanapiga sufuria na kuwatundikia wenyewe vipande vya mkate wa kuchoma matawini. Wilf alinyoosha kikombe kabla ya wote. Nikamchapa vidole kwa upawa.

"Ngoja. Kuna wenye mali."

Nilimwaga kikombe cha kwanza kwenye mizizi ya mti ule, povu lote la juu, wala sikubania. Kelele zilizopigwa hapo, nadhani hata Bristol walisikia. Kisha nikampa Hester. Alikunywa mpaka mwisho, akabaki na masharubu meupe.

"Wilf," akaita, kila mtu asikie, "kamwambie mkeo bakuli limepata mwenyewe."

Nilitaka kumkumbatia, lakini alishaninyooshea kikombe nimwongeze.

"Na mwakani," akaniambia, "tutaacha mengi zaidi juu."