Mayai ya Chokoleti ya Pimamaji

Fundi wa lipu ambaye mtaa mzima unamwita Pimamaji, kwa sababu haingii nyumba ya mtu bila kuinama kutazama kama meza imelala sawa, alisimama jikoni kwake akiikodolea macho sinia ya chokoleti. Haelewi. Amepiga lipu majumba ya watu bila ufa hata mmoja, leo anashindwa na biskuti za kuponda!

Kisa kilianzia kwenye simu. Binti yake, anayeishi na mama yake tangu wazazi walipoachana, angekuja kushinda naye sikukuu ya Pasaka. Pimamaji alimbandika jina la Chiriku tangu utotoni, maana alikuwa hanyamazi hata usingizini. Lakini mara ya mwisho alipokuja, Chiriku alikaa kwenye kochi, begi mapajani, akajibu "ndiyo" na "hapana" mpaka mama yake alipomfuata. Siku ile baba mtu alijifungia chooni akalia. Safari hii mama alisema waziwazi: "Asipotaka kurudi tena, mimi simlazimishi." Pimamaji akapata kiwewe, akaropoka kwamba atamtengenezea mtoto mayai ya chokoleti, kama yale yanayouzwa madukani wakati wa Pasaka, kwa mikono yake mwenyewe. Maji yakishamwagika hayazoleki.

Akampigia dada yake, mpishi wa shule.

"Ponda biskuti," dada alisema, "changanya na kakao, siagi iliyolainika na maziwa mazito ya kopo. Finyanga mayai, tia kwenye friji. Basi."

"Moto nawasha saa ngapi?"

"Huwashi moto, kaka."

"Sasa yanaivaje?"

"Hayaivi. Unayaacha tu mpaka yashike."

Uso ukamkunjuka. Kitu kinachoshika bila moto! Si ndiyo kazi inayompa ugali wake? Akaaga na kukata simu. Na hata angengoja, nani angefikiria kumwonya kuhusu maji?

Alichekecha kakao kwa chujio la chai, akafinyanga mayai laini, akayapanga kwa mstari ulionyooka. Kisha akafanya kile ambacho fundi yeyote anayejiheshimu hufanya: lipu mbichi haiachwi ikauke kwa pupa, itapasuka. Akachota maji, akayanyunyizia mayai kwa vidole, akayafunika kwa kitambaa kibichi, akayatia kwenye friji. Kila alipopita karibu na friji aliifungua, akanyunyiza tena, kwa mapenzi kabisa.

Asubuhi mayai yalikuwa yamelegea, yamelaliana kama walevi. Pimamaji akaona ni dalili ya kukauka vibaya, akaongeza maji. Ilipokaribia saa ya mgeni, sinia ilikuwa uji. Akampigia tena dada yake.

"Umefanyaje?"

"Yote uliyosema. Na maji nimemwagilia vizuri."

"Maji ya nini?"

"Yasipasuke."

Dada alicheka mpaka akashindwa kusema, na Pimamaji akabaki na simu sikioni, asijue kinachochekesha ni nini. Hapo mlango ukagongwa.

Chiriku aliingia, akamwamkia baba yake, akaenda kukaa kwenye kochi lilelile. Begi mapajani. Pimamaji akaleta sinia.

"Mwanangu, nimeharibu. Na sijui hata nimeharibu wapi."

Mtoto alichovya kidole, akalamba. "Tamu. Ila mbona ina maji?"

"Nimemwagilia."

"Kwa nini?"

Akamweleza, maana hilo ndilo jambo alilolijua: ukuta mpya unamwagiliwa kila siku.

"Kila siku?"

"Kila siku. Ukiutelekeza, unapasuka."

Chiriku akashusha begi, akaliweka sakafuni.

"Biskuti zimebaki?"

Zilikuwa zimebaki. Wakahamia mezani, na kwa kisu cha kupakia siagi Chiriku akaanza kupiga lipu ya chokoleti kwenye kuta za biskuti. Baba alimwonyesha kupanga biskuti kama matofali, viungo vya safu moja visikutane na vya safu ya chini yake. Ukuta ukaanguka, wakala kifusi, wakaanza upya. Mara mtoto akauliza kwa nini nyumba ina msingi, mara kwa nini mwalimu wao ana sauti kama king'ora, na hakungoja kujibiwa. Pimamaji aliogopa hata kukohoa, asije akaikatiza sauti ile.

Mama yake Chiriku alipofika kumchukua, nyumba ya biskuti ilikuwa na kuta tatu, haina paa.

"Usiile, baba," Chiriku alisema akivaa begi. "Nitakuja kuimalizia." Alipofika mlangoni akageuka. "Na usisahau kuimwagilia. Kila siku!"

Wakaondoka. Pimamaji alirudi jikoni, akajaza maji kikombe, akasimama mbele ya kuta tatu. Akimwagilia, nyumba itaporomoka. Asipomwagilia, atakuwa amepuuza agizo la mtoto.

Mwishowe, fundi mzima na nywele zake za mvi, aliweka kikombe chini, akachukua simu.

"Hata nyumbani hatujafika!" mama yake Chiriku alisema. "Kuna nini?"

"Nipe mtoto," alisema Pimamaji. "Nina swali la ukuta. Na kesho nitapiga tena."