Unene wa Njiti ya Kiberiti

Saa ilicheza. Seremala aliisukuma kwa kidole kimoja, nayo ikayumba ndani ya shimo lililochongwa kwa ajili yake, ikagonga ubao upande huu, ikarudi ikagonga upande ule. Ilikuwa saa ya shaba, kongwe kuliko mtu yeyote aliyekuwa hai katika mtaa ule: mwanamke mvunaji ameketi juu ya mganda wa ngano, mundu umelala magotini mwake, na uso wa saa umechomekwa tumboni mwa mganda huo. Miaka nenda miaka rudi alikuwa ametulia juu ya kabati la sebuleni. Leo alikuwa akitikisika kama jino bovu.

"Mzee Futi," alisema seremala, "mimi nimechonga kama ulivyonichorea. Karatasi yako hii hapa. Kama kuna aliyekosea, mimi simo."

"Sijawahi kukosea kipimo."

"Basi labda saa imefunga, ikakonda," seremala alijibu, akacheka peke yake.

Mzee Futi hakucheka. Alikuwa mpima ardhi kwa miaka thelathini na minne, na jina hilo la utani alilipata kazini, kwa sababu futikamba haikumtoka mfukoni hata siku za mapumziko. Wenzake walikuwa wakidai kwamba siku ya kuzaliwa kwake alimpima mkunga kwanza ndipo akalia. Alipostaafu, mashamba na barabara aliwaachia vijana, lakini tabia hakumwachia mtu. Kila alipoleta kitu kipya nyumbani, iwe saa ya shaba, sanamu ndogo ya mezani au medali ya kumbukumbu ya daraja fulani lililofunguliwa zamani, alikiweka juu ya ukurasa mweupe wa daftari lake kubwa, akafuata mzingo wa kitako chake kwa penseli iliyochongwa ikawa kama sindano. Akaandika tarehe, akafunga daftari. Kwake yeye kitu kilichokwisha kupimwa vizuri kilikuwa kimemalizana na futikamba.

Michoro hiyo ndiyo aliyompa seremala. Jumamosi ile vitu vyake vyote, ishirini na vitatu kwa hesabu, vilikuwa viende maktaba ya mji, katika kabati moja la vioo ambalo kila kitu kingekuwa na shimo lake la kukalia. Alikuwa anavitoa kwa ukumbusho wa mke wake, aliyefariki miaka minne iliyopita. Kadi za mwaliko zilikwisha kusambazwa, na mkuu wa maktaba alikwisha kununua suti.

Alimwambia seremala aende akanywe chai, arudi kesho. Alipobaki peke yake alilifungua daftari ukurasa wa kwanza, akamnyanyua mvunaji kwa mikono miwili, akamkalisha juu ya mchoro wake mwenyewe. Karatasi nyeupe ilionekana kati ya penseli na shaba, pande zote nne. Alichukua njiti ya kiberiti akailaza katika ile nafasi. Ikaenea barabara.

Kwanza alilaumu karatasi. Karatasi hupata unyevu, hutanuka, hilo kila mpima ardhi analijua. Lakini karatasi haitanuki sawasawa pande zote, na simba wa shaba aliyechorwa ukurasa wa pili alikaa juu ya mstari wake bila kuzidi wala kupungua. Basi saa yenyewe ndiyo iliyopungua. Kila mkusanyaji wa shaba anajua, hata yule aliyeanza juzi, kwamba shaba ikimiminwa katika kalibu kisha ikapoa, hunywea. Ukichukua kitu chenyewe ukakitengenezea kalibu, ukasubu kingine kutoka humo, utapata mikunjo yote ya nguo na mikwaruzo yote, mpaka pengo la kwenye ncha ya mundu. Ukubwa tu ndio hutaupata. Nakala huzaliwa ndogo kidogo.

Alivipima vyote asubuhi ile. Kumi na sita vilikaa juu ya mistari yake. Saba vilipungua, saa tano na medali mbili. Alizipanga zile saba mezani, akazitazama, na alijua zilikuwa na nini cha kufanana hata kabla hajataka kujua. Vile kumi na sita havikuwahi kutoka nje ya nyumba. Zile saba zilipita mikononi mwa fundi saa, saa zikihitaji matengenezo, medali zikihitaji kuchomelewa pete zake. Na fundi saa alikuwa shemeji yake, ndugu wa pekee wa marehemu mke wake, mtu aliyekula naye kila Jumapili na aliyemshika mkono siku ya mazishi.

Kama angekuwa mtu mwingine, Mzee Futi angekasirika tu. Lakini huyu alikuwa shemeji. Akivipeleka maktaba kama vilivyo, atakuwa amemtunuku marehemu uongo mbele ya mji mzima. Akisema kweli, atampoteza mtu wa mwisho aliyeweza kumwambia, "Unamkumbuka dada alipofanya vile?" Alitia daftari kwapani, akatoka bila hata kufunga madirisha.

Karakana ya fundi ilikuwa kati ya duka la vitambaa na kinyozi, chumba chembamba chenye meza moja iliyojaa magurudumu madogo katika visahani. Fundi alikuwa na lenzi jichoni. Alipoona nani anaingia alitabasamu.

"Shemeji! Leo Jumatano, umepotea njia?"

 Mzee Futi alilaza daftari juu ya meza, akafungua ukurasa wa kwanza, akaweka njiti ya kiberiti pembeni mwa mstari wa penseli. Fundi alitazama njiti ile. Kisha alitoa lenzi jichoni taratibu, akaifuta kwa kitambaa, ingawa haikuwa na uchafu.

"Umepima," alisema.

"Seremala ndiye aliyepima. Ziko wapi?"

Fundi aliinuka akasukuma mlango wa nyuma. Chumba cha ndani kilikuwa na kitanda, kiti kimoja, na rafu iliyokabili kitanda. Zote saba zilikuwa hapo. Medali mbili zililazwa juu ya kitambaa kisafi, na saa tano zilikuwa zikitembea pamoja, hatua kwa hatua, hata ungedhani ni saa moja tu. Mvunaji alikuwa katikati. Mzee Futi alimtambua papo hapo, na kumtambua kwenyewe kukamuuma, maana sasa aliona wepesi wa shingo na joto la rangi ambalo yule wa sebuleni hakuwa nalo.

"Ulitaka kuziuza?"

"Sikutaka kuuza hata moja."

Jibu hilo lilimkera zaidi. Mwizi anayeuza, Mzee Futi angejua namna ya kumchukia.

"Basi kwa nini? Nilikukosea nini mimi?"

"Kaa, shemeji."

"Sikai."

Fundi alikaa yeye, ukingoni mwa kitanda. "Huyu mvunaji uliniletea maiti," alisema. "Nilikaa naye miezi mitano. Magurudumu mawili niliyachonga kwa mkono, jino moja moja, kwa sababu hayapatikani tena popote. Siku niliyomrudisha kwako ulikuwa na wageni. Ukawasimulia ulivyompata mnadani na ulivyowapiga chenga wenye mnada. Wakapiga makofi. Mimi nimesimama mlangoni na kikapu, nangoja useme angalau, 'Na huyu ndiye aliyeitia roho.' Hukusema. Ukaniambia nikapate chai jikoni."

"Kwa neno hilo tu ukaniibia?"

"Kwa neno hilo. Lilinikaa hapa," fundi alisema, akijigusa koo. "Mwaka uliofuata aliporudi kutiwa mafuta nilimpelekea jamaa mmoja anayesubu vitasa na kengele, akanitolea pacha wake. Ndani nikatia mashine ya saa nyingine ya umri uleule. Nilikuibia, shemeji. Sina neno zuri zaidi la kuliita."

Mzee Futi alijaribu kuikumbuka siku ile saa iliporudi, akashindwa. Kisha akakumbuka kwa nini. Mwaka huo alikuwa porini miezi miwili akipima barabara. Alipofika nyumbani mvunaji alikuwa tayari juu ya kabati.

"Nani alimrudisha?"

Fundi aligeukia rafu. Saa tano ziliendelea na hatua zao.

"Nakuuliza, nani alimrudisha?"

"Dada alikuja kumchukua."

"Ukampa ya bandia naye hakujua. Ukamfanya dada yako mwenyewe mbebaji wa..."

"Zote mbili zilikuwa juu ya meza ile pale," fundi alimkatiza kwa sauti ndogo. "Sikuweza kumdanganya dada. Nilimweleza kila kitu, nikamwambia achague. Nilidhani atanichapa kofi, achukue ya kweli, aondoke."

Mzee Futi alishika mgongo wa kile kiti kimoja.

"Alizitazama kwa muda mrefu," fundi aliendelea. "Kisha akachukua pacha. Akasema, 'Hebu nione atachukua siku ngapi.' Nikamwambia, dada, shaba imenywea, shemeji atapima tu. Akacheka. Akasema, 'Hapimi mara ya pili yule. Hata mimi alinipima siku ya posa, akafunga daftari.'"

"Alicheka?"

"Mwanzo alicheka. Siku ya tatu akapita hapa, akasema bado. Baada ya mwezi, bado. Wakati wa sikukuu mkapokea wageni ukawasimulia ya mnada tena, mkono wako juu ya bega la yule wa bandia, na siku hiyo alipokuja hapa hakucheka. Alisema, 'Siku atakayoiona hii nitakaa naye chini. Nina mengi ya kumwambia.' Nikimuuliza mengi gani, anasema ni ya mume wake, si yangu. Hizo nyingine sita nilizibadilisha mwenyewe, kwa kijiba changu cha roho. Hazimhusu."

Miaka kumi na moja, tangu siku hiyo mpaka alipomzika. Mzee Futi alipiga hesabu bila kutaka. Kila Ijumaa asubuhi alikuwa akimfuta mvunaji kwa kitambaa laini, na mke wake akipita na vyombo, au akishona karibu na dirisha, au akiwa amekaa tu. Kila Ijumaa alimtazama mumewe akikipapasa kitu kisicho chake asijue. Mzee Futi alitamani kumpigia kelele. Alitamani kumuuliza mwanamke gani huyo anayemwekea mume mtego ndani ya nyumba, akala naye, akalala naye, akamsitiri katika kila jambo, na mtego akauacha umetegwa. Angeweza kumfokea shemeji huyu mpaka kinyozi wa jirani akaja kuwaamua. Marehemu hakuwa na pa kufokewa.

"Ungeniambia," alisema hatimaye. "Tangu tumemzika, Jumapili ngapi tumekaa pamoja? Ungeniambia."

"Niliogopa utaniuliza alichotaka kukuambia. Na mimi sikijui."

 Nje, muuza vitambaa alikuwa akibishana na mteja kuhusu rangi.

"Jumamosi utawaambia nini watu wa maktaba?" fundi aliuliza.

"Vitu ni ishirini na viwili. Kesho nitakuja na gari nichukue hizo sita."

"Na mvunaji?"

"Bakia naye."

Fundi aliinua uso. "Shemeji, huyu ndiye wa kweli. Ndiye bora kuliko vyote ulivyonavyo."

"Najua ni nani. Dada yako alinichagulia yule aliyeko nyumbani."

Fundi alimsogelea, akanyoosha mkono kama mtu anayetaka kusaidia kubeba daftari. "Umenisamehe?"

"Sijakusamehe. Na Jumamosi usije."

Alitoka. Jua lilikuwa kali, na kinyozi alimwamkia asiitike. Alitembea hatua chache akasimama mbele ya duka la vitambaa, kwa sababu jambo moja lilikuwa limemjia kichwani na miguu haikutaka kuendelea nalo.

Katika wiki ya mwisho ya ugonjwa, mke wake aliomba saa ya mvunaji isogezwe karibu na kitanda. Mzee Futi alifurahi sana siku ile. Alidhani kwamba baada ya miaka yote ya kulalamikia vumbi na nafasi, mkewe alikuwa amevipenda vitu vyake mwishowe, na tangu alipomzika aliliweka jambo hilo moyoni kama zawadi. Alimbeba mvunaji mwenyewe, akamweka juu ya kijimeza cha dawa. Mkewe akasema, "Mtazame vizuri." Naye akamjibu kwamba anamtazama, akaanza kueleza upya habari za mnada.

Kisha mkewe akamwita kwa jina. Hilo alilikumbuka, kwamba aliita jina lake lile halisi, ambalo hakulitumia mara nyingi. Mzee Futi alisimama katika jua, daftari kwapani, akajaribu kuona alikuwa na uso gani alipoliita. Hakuuona. Saa ilikuwa nyuma kwa dakika tano, na yeye alikuwa amempa mgongo, anasogeza mshale.