Mtu wa Kurasa za Kushoto

Kaka yangu ni mbishi wa kuzaliwa. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoa kwanza mkono dirishani. Kwa hiyo nilipomsihi asitengeneze ratiba ya harusi ya binti yake kwenye ile kompyuta ya kale, nilijua nampigia mbuzi gitaa.

Duka letu la uchapaji lina kompyuta mbili. Mpya naitumia mimi. Nyingine ni ya enzi hizo, kioo chake kina kisogo kikubwa kama jiko, na ndani yake mna programu ya kupanga kurasa ambayo kaka alijifunza ujanani na hajataka kuachana nayo. Ukimsema, anakujibu ya kale ni dhahabu. Mimi namwambia dhahabu haigandi kila ukifungua faili.

Tuseme haki, hata hivyo: kwa kivuli hana mpinzani mjini hapa. Kivuli ni ile picha hafifu ya rangi inayokaa nyuma ya maandishi, ukasoma juu yake bila kusumbuka. Kwenye programu ile, kivuli cha rangi kinataka subira. Unaichukua picha, unaivua rangi zake zote, unaivisha rangi moja, kisha unaipunguza nguvu kidogo kidogo mpaka ibaki kama doa la chai kwenye kitambaa kilichokwisha kufuliwa. Halafu unaiweka kwenye ukurasa mama, na chochote ukiwekacho hapo kinatokea kwenye kurasa zote kwa mpigo. Ila programu yenyewe ina kurasa mama mbili: mmoja unatawala kurasa za kushoto, mwingine za kulia. Ukibadilisha mmoja, lazima ubadilishe na mwenzake.

Wachapaji hatuanzi kazi kutoka sifuri, tusidanganyane. Unatafuta kazi ya zamani yenye kurasa zinazolingana, unafuta maneno, unaandika mapya. Kaka alifanya hivyo. Na kwa kuwa kompyuta yake imejaa pomoni, aliandika juu ya faili lile lile la zamani, lisibaki. Na kwa kuwa inahema ikionyesha picha, aliziamuru picha zijifiche, akabaki anaona maboksi matupu. Na kwa kuwa ana mtoto wa jicho ambaye hataki kumpeleka hospitali, hata hayo maboksi aliyaona nusu nusu.

Mimi nilipitia nakala ya majaribio, ile ya wino mweusi, ambayo kivuli hakitokei. Nilikagua majina, saa, tahajia, nikaridhika, nikaenda kwa fundi kuchukua gauni la bibi harusi. Niliporudi nilikuta vijitabu vimechapwa kwa rangi, vimekunjwa, vimefungwa kwenye maboksi, na kaka amekaa juu ya boksi moja, kichwa kimevimba kwa fahari.

"Kivuli cha ua la waridi, upande hadi upande," alisema. "Umeona rangi hiyo? Nani kama mimi?"

"Umekagua?"

"Mimi nakagua nini tena?"

Nilikuwa nafungua mdomo nimpe za uso ndipo mama wa bwana harusi alipobisha hodi.

Huyu mama tulimwita Rula, kwa siri bila shaka. Alifundisha ushonaji miaka mingi, na mkanda wa kupimia haukutoka shingoni mwake hata siku za vikao. Alipima ukumbi. Alipima utepe wa viti. Siku moja nilimkuta anapima keki kwenye picha. Alikuwa mjane, kwenye kikao cha kwanza alisema mumewe alifariki mtoto akiwa bado hajatembea, akalisema kwa sauti ya kufunga mlango, nasi hatukuuliza zaidi. Alimlea mwanawe peke yake, na hakuna msichana aliyemfaa. Binti yetu alimpenda yule kijana kupita kiasi, na alimwogopa mama yake kiasi hicho hicho. Ombi letu sote lilikuwa moja tu: tuifikie kesho kabla Rula hajapata sababu.

"Nimekuja kuona kazi," alisema.

Kaka akampa kijitabu kwa mikono miwili. Rula akaweka kidole gumba kwenye pambizo la jalada, akapima, akaguna kwamba pambizo ni sawa. Nikavuta pumzi. Akafungua ndani. Kidole kikasimama.

Alikipeleka kijitabu mlangoni penye mwanga. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine, mwingine tena. Mimi nilidhani ni tahajia, nikawa namlaani kaka kimoyomoyo. Alipogeuka, midomo yake ilikuwa imekauka.

"Nani kawatuma?"

"Kututuma nini, dada yangu?"

"Mmenichunguza. Mmekwenda mkachimba, mkampata, mkamweka humu ili niaibike mbele ya watu." Alikiweka kijitabu mezani taratibu, na utaratibu huo ndio uliniogopesha. "Mngenijia tu mkaniuliza. Basi hakuna harusi."

Nilikinyakua. Ukurasa wa kulia, waridi, safi kabisa. Ukurasa wa kushoto, nyuma ya majina ya maharusi, palikuwa na mtu. Mwanamume mtu mzima, rangi ya waridi kuanzia paji la uso hadi kifuani, ananitazama katikati ya kuwasili kwa wageni na maneno ya shukrani. Nikafunua. Yupo. Nikafunua tena. Yupo.

Kaka aliinama mpaka pua ikagusa karatasi. "Si waridi hilo?"

"Waridi linavaa miwani?"

Rula alikwisha kuchukua mkoba wake. Nikamzunguka nikasimama mlangoni, na mwili wangu, namshukuru Mungu, unatosha kuziba mlango wowote.

"Dada, hutoki hapa kabla hujanisikiliza. Sisi mtu huyu hatumjui. Naapa kwa mama yangu aliyenizaa."

"Humjui, na umemchapa kitabu kizima."

"Kaka, fungua hilo dubwana lako. Mwonyeshe."

Kompyuta ilinguruma, ikafikiri, ikaamka. Kaka kazi yake anaijua. Aliziruhusu picha zionekane. Akaenda ukurasa mama wa kulia: waridi. Akaenda wa kushoto: yule bwana na miwani yake.

"Rangi ya waridi niliipaka faili zima, lakini picha nilibadilisha kwenye ukurasa wa kulia tu," alisema, sauti imemwisha. "Wa kushoto nikausahau. Nilikuwa nimezificha picha, mama. Sikumwona. Na jicho langu hili..."

Rula alisogea. Nilimwona anaanza kuelewa, anaanza kulegea mabega, nami nikajiona nimeshinda kesi. Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza.

"Unaona? Alikuwemo tangu mwanzo, dada yangu. Hili lilikuwa faili la mazishi. Kuna mazishi tuliyafanyia kazi mwezi uliopita, kaka akatumia kurasa zile zile."

Nililisema nikitabasamu. Karibu nicheke. Kisha nikalisikia.

"Mazishi," alisema Rula.

Aliuweka mkoba mezani.

"Mazishi ya nani?"

Kaka hajui kunyamaza, hajawahi kujua. "Mzee mmoja fundi saa, upande wa pili wa mji. Mkewe ndiye alikuja na picha, mama mmoja mpole sana, na mabinti zake wawili..."

Nilimkanyaga mguu kwa uzito wangu wote, lakini neno likitoka limetoka.

Rula alitafuta kigoda kwa mkono, bila kukitazama, akakaa. Kwa muda mrefu alikitazama kile kioo. Hasira zangu, ambazo hazikai mbali nami hata siku moja, zilinikimbia zote.

"Alitoka asubuhi kwenda kutafuta kazi," alisema mwishowe. "Hakurudi. Nikaona kuliko kuitwa mke aliyeachwa, heri mjane. Nikamuua kwa mdomo. Kazini, kwa majirani, kwa mtoto wake mwenyewe, na kwenu nyinyi. Nimemuua miaka yote." Aligusa mkanda shingoni. "Lakini nilijua yu hai. Nilijua siku moja atapita mlangoni kwangu, nimpe maneno yake. Nimeyapanga. Kila mwaka nayapunguza, nayanyoosha, mpaka yamekaa sawa. Sasa nimpe nani?"

Nilitaka kumshika bega, nikaogopa. Kaka alikuwa anafuta macho, lile zima na lile bovu.

Wakati huo huo bwana harusi aliingia kuchukua maboksi. "Hodi, shangazi, gari liko..." Akamwona mama yake kigodani. Akaona kioo.

Hakuuliza ni nani yule. Hilo nililiona mara moja. Mtu asiyejua angeuliza.

Mama yake naye aliliona. "Unamjua?"

Kijana aliziweka funguo za gari mezani. "Namjua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoanza kazi. Alinitafuta mwenyewe."

"Na kumzika ulikwenda?"

"Nilisimama nyuma. Waliponiuliza, nikasema mimi ni mteja wake wa saa."

Nilisikia kaka akivuta pumzi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimejiziba mdomo kwa kiganja. Huyu kijana tulikuwa tumemzoea wa mzaha na kicheko, na mwezi mzima alikuwa anakuja hapa kuchagua rangi ya utepe huku amefiwa.

"Ulikuwa uniambie lini?"

"Baada ya harusi. Yeye alikuwa aje, mama. Tulikubaliana akae nyuma kabisa kama mgeni yeyote, na aondoke kabla ya picha, usimwone." Alizisogeza funguo mezani. "Hakufika."

Rula aliutoa mkanda shingoni, akauzungusha kidoleni, akauzungusha tena. "Alikuwa ananiulizia?"

Kijana angeweza kusema uongo. Mimi ningesema, hapo hapo, bila kupepesa macho.

"Hapana, mama. Alikuwa anaogopa hata kulitaja jina lako."

Aliitikia kwa kichwa, kama vile amepima kitu ambacho urefu wake alikuwa anaujua. Halafu akasimama, akaweka sawa nguo yake.

"Mtoeni humo. Kesho mwanangu anaoa. Sitaki mtu aniulize ni nani huyu."

Harusi ipo. Nilikaa chini juu ya boksi, machozi yakanitoka bila ruhusa. Nilikuwa tayari nahesabu moyoni: karatasi ipo, wino upo, tukianza sasa hivi tutamaliza jua halijazama.

Kaka alishika mausi, akakipeleka kimshale juu ya uso wa yule mtu. Akasita. Akamtazama bwana harusi, na bwana harusi akageukia ukutani. Kaka akaondoa mkono. Yeye aliyeua kompyuta ngapi kwa ubishi, alishindwa kufuta picha.

"Nyinyi wanaume," alisema Rula. "Nibonyeze wapi?"

Nilimwonyesha mimi. Alibonyeza kwa kidole gumba kile kile cha kupimia. Yule bwana akatoweka. Kaka alipitisha kurasa za kushoto moja baada ya moja, zote nyeupe, maneno ya maharusi yamebaki peke yake.

"Zote?"

"Zote, mama. Ukitoa kwenye ukurasa mama, ametoka kote."

Nilinyanyuka kuipasha moto printa. Rula hakuondoka kwenye kigoda. Alikuwa bado anatazama mahali palipokuwa na mtu.

"Picha yenyewe mnayo?"

"Tuliirudisha kwa wenyewe," nilijibu.

"Na hapa hawezi kurudi?"

Kaka alisafisha koo. "Hatua moja tu, mama. Programu hii ni ya zamani, inakumbuka jambo la mwisho peke yake. Tukigusa kitu kingine chochote, basi tena."

"Mrudishe."

Kaka alinitazama. Nikaitikia. Akabonyeza, na yule mtu akarudi mahali pake, hafifu, rangi ya waridi, miwani imeshuka kidogo puani.

"Tokeni nje," alisema Rula. "Kidogo tu. Sijamaliza naye."

Alivuta kigoda mpaka magoti yakagusa meza, sisi tukatoka. Tulisimama kwenye ngazi ya duka, sote watatu, mlango tumeurudisha nyuma yetu. Watu walipita na mizigo yao, mmoja akatusalimu, hatukumjibu. Sauti ilianza ndani, ya chini, haina haraka, ikapanda, ikashuka, ikanyamaza kana kwamba inangoja kujibiwa, ikaendelea. Maneno hatukuyasikia. Bwana harusi alikaa kwenye ngazi, akajishika kichwa kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akawa anawasikia wazazi wake wakigombana chumba cha pili.